Biskuti za Kakao Zisizohitaji Oveni

Katika nyumba nyingi, mijini na mashambani, chakula hupikwa juu ya mafiga, juu ya jiko la makaa au la mafuta ya taa, na siku hizi juu ya gesi pia. Wenye oveni ni wachache. Kwa sababu hiyo wengi hudhani ya kuwa biskuti ni kitu cha kununuliwa dukani tu. Dhana hiyo si sahihi. Ziko biskuti zinazotengenezwa kwa sufuria moja na mwiko mmoja, na kazi yote ya motoni haizidi robo saa. Haziokwi hata kidogo, bali huganda zenyewe zinapopoa.

Walakini yafaa tuseme wazi tangu mwanzo: vikombe viwili vya sukari pamoja na siagi si mali ya kuchezea katika nyumba yenye watu wengi. Mpishi akikosea dakika moja tu, hupata uji mtamu usioganda, au makombo makavu yasiyoshikana, na fedha ya nyumba imepotea. Tena karanga mbovu zaweza kudhuru afya. Ndiyo maana somo hili halitaji vipimo tu, bali laeleza na sababu ya kila tendo. Maana mtu ajuaye sababu hapotei kwa urahisi, na akipotea hujua njia ya kurudi.

ASILI YAKE

Mti wa kakao asili yake ni Amerika, na wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati walikunywa kakao karne nyingi kabla Wahispania hawajafika kwao. Mwaka 1828, huko Amsterdam, ukoo wa Van Houten ulipewa hati ya kulinda uvumbuzi wao wa shinikizo la kukamua mafuta katika kakao. Makapi yaliyobaki yalisagwa yakawa unga, na huo ndio unga wa kakao tunaoutumia leo. Siku hizi sehemu kubwa ya kakao ya dunia hutoka Afrika ya Magharibi, hasa Kodivaa na Ghana. Karibu nasi hulimwa Kyela katika Tanzania, na Bundibugyo katika Uganda.

Biskuti zenyewe zapendwa sana Marekani. Katika milima ya Appalachia huitwa biskuti za mhubiri. Husimuliwa ya kuwa mama wa nyumba, alipomwona mhubiri akipanda kilima juu ya farasi, aliteleka sufuria mara moja, na mgeni alipofika mlangoni biskuti zilikuwa tayari. Nasi tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi chakula hiki chafaa sana kwa mgeni asiyetazamiwa.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Tumia kikombe kimoja kwa vipimo vyote, chenye kujaa robo lita hivi. Twaa:

Sukari, vikombe 2 (gramu 400).
Unga wa kakao, vijiko vikubwa 4 (gramu 25 hivi).
Siagi, nusu kikombe (gramu 115).
Maziwa, nusu kikombe.
Chumvi, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili.
Siagi ya karanga, nusu kikombe.
Oti zilizobanwa, zile nyembamba zinazoiva upesi, vikombe 3.
Vanila, kijiko kimoja cha chai, kama ipo.

Vipimo hivi hutoa biskuti 36 ndogo. Mwenye kujaribu mara ya kwanza na atumie nusu ya kila kitu, ili hasara, ikiwapo, iwe ndogo.

Hapa pana mambo manne ya kuangaliwa. Kwanza, unga wa kakao si sawa na chokoleti ya kunywa. Ile ya kunywa imekwisha changanywa na sukari, na mara nyingine maziwa pia. Ukiitumia, utamu utapita kiasi na ladha ya kakao itakuwa hafifu. Soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani moja, kwa kuwa mavuno ya Afrika ya Magharibi yalikuwa mabaya. Lakini kwa kuwa biskuti hizi huhitaji vijiko vinne tu, ni afadhali kununua kopo dogo la kakao halisi kuliko kopo kubwa la mchanganyiko.

Pili, mtu asiye na siagi aweza kutumia majarini ngumu ya kupikia. Ile laini sana ya kupaka mkate mara nyingi ina maji mengi, na maji hayo huzuia biskuti zisigande.

Tatu, usitie unga wa ngano wala wa mahindi mahali pa oti. Oti zilizobanwa zimekwisha kupitishwa katika mvuke kiwandani, kwa hiyo zaweza kuliwa bila kupikwa sana. Unga mbichi haukupitishwa hivyo. Asiye na oti za kutosha na apunguze kikombe kimoja, atie badala yake nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu mpaka igeuke rangi.

Nne, ni habari ya karanga, nayo ina sehemu yake hapa chini.

SIAGI YA KARANGA NA HATARI YA UKUNGU

Siagi ya karanga yaweza kutengenezwa nyumbani. Twaa kikombe kimoja cha karanga, zikaange taratibu, zipoe, zimenye, uzipete, kisha uzitwange katika kinu au kuzisaga mpaka zitoe mafuta na kuwa laini. Utapata nusu kikombe hivi, yaani kiasi kinachohitajiwa.

Lakini kabla ya kuzikaanga, zimwage karanga zote juu ya sinia peupe penye nuru, uzichague moja moja. Tupa kila karanga yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu. Kuna aina ya ukungu uotao katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, nao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hudhuru ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu zaidi ya 300 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na watu 125 wakafa. Wale walikula mahindi, lakini sumu ni ile ile iwezayo kuwa katika karanga. Kwa hiyo usimpe mtoto karanga ambazo wewe mwenyewe uliziona zina shaka, ukidhani kwamba sukari na kakao zitaficha ubaya wake. Zitaficha ladha, lakini sumu itabaki.

Kadhalika wako watu ambao miili yao haivumilii karanga kabisa, hata kidogo tu. Huvimba midomo na kukosa pumzi. Uliza kabla ya kumpa mtoto wa jirani. Kwa watu wa namna hiyo tumia siagi ya mbegu za alizeti, nayo isagwe katika chombo kisichoguswa na karanga.

NAMNA YA KUFANYA

1. Paka sinia mbili siagi kidogo. Pima oti, siagi ya karanga na vanila, uziweke karibu nawe. Usiteleke sufuria kabla hujamaliza kupima, kwa maana baadaye hakutakuwa na nafasi.

2. Katika sufuria nzito tia sukari, kakao na chumvi, uchanganye vikiwa vikavu mpaka madonge ya kakao yaishe. Ndipo utie maziwa na siagi.

3. Weka juu ya moto wa kiasi, ukoroge polepole mpaka siagi iyeyuke na sukari isisikike tena chini ya mwiko.

4. Ngoja ichemke. Povu likionekana pembeni tu, bado. Povu likifunika uso wote wa sufuria, na lisitulie hata unapokoroga, hapo ndipo mchemko wa kweli. Tazama saa yako, uiache ichemke hivyo kwa dakika 1 kamili. Asiye na saa na ahesabu polepole, moja mpaka 60.

5. Ondoa sufuria motoni. Tia siagi ya karanga na vanila, ukoroge mpaka iyeyuke. Kisha tia oti zote, ugeuze upesi mpaka kila chembe ipate rangi.

6. Teka kwa kijiko, uangushe madonge madogo juu ya sinia, ukiyabonyeza kidogo. Fanya haraka, kwa maana mchanganyiko huanza kuganda katika sufuria yenyewe.

7. Ziache zipoe nusu saa au zaidi mahali pakavu. Zikiachana na sinia bila kuvunjika, zimekuwa tayari.

SABABU YA DAKIKA MOJA

Sukari huyeyuka katika maji ya maziwa. Mchemko unapoendelea, maji huondoka kama mvuke na sukari hubaki, hata mchanganyiko huwa mzito na moto wake hupanda kupita ule wa maji matupu. Ukipoa, sukari hugeuka kuwa chembe ndogo sana zilizoshikana, mafuta ya siagi nayo huganda, na oti hunywa unyevu uliosalia. Ukichemsha muda mfupi mno, maji hubaki mengi na biskuti hazigandi. Ukizidisha, maji huisha na biskuti huwa kavu kama mchanga. Hapa haraka haina baraka, na uvivu pia hauna.

Wenye kipimo cha moto yapasa wajue kwamba mahali pa juu maji huchemka kwa moto mdogo zaidi. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100 za selsiasi. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, huchemka kwa digrii 94 hivi. Basi mchanganyiko huu huwa tayari pwani ufikapo digrii 110 hadi 112, na Nairobi ufikapo 104 hadi 106. Mtu wa Nairobi akingojea digrii za pwani, ataharibu sukari yake.

Asiye na kipimo ana njia nzuri ya zamani. Dondosha tone moja la mchanganyiko katika bakuli la maji baridi, ulikusanye kwa vidole. Likitawanyika, bado. Likifanya donge laini, linalolegea ulitoapo majini, ondoa sufuria mara moja.

Pwani, hasa wakati wa mvua, hewa ina unyevu, na sukari huvuta unyevu. Huko ongeza nusu dakika ya kuchemsha, na biskuti zikipoa uzifungie katika kopo lenye kifuniko cha kubana.

ZIKIHARIBIKA

Zisipoganda baada ya saa moja, usizitupe. Zifinyange viduara kwa mikono safi, uvigaagaze katika oti au nazi iliyokaangwa, navyo vitalika vizuri. Zikianza kukauka na kumeguka zikiwa bado sufuriani, tia kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya moto, ugeuze upesi.

TAHADHARI

Sukari inayochemka ina moto kupita maji yanayochemka, tena hung'ang'ania ngozi. Watoto wasikaribie sufuria, na mtu asionje kabla haijapoa. Likimwagika mkononi, mimina maji safi ya baridi ya kutosha kwa muda wa dakika 20. Usipake siagi wala dawa ya meno. Tena jiko la makaa lisitumiwe katika chumba kilichofungwa milango na madirisha, kwa kuwa hewa yake huua bila kunuka.

Mwisho, utamu una mpaka. Kila biskuti moja ina gramu 11 hivi za sukari iliyotiwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wapunguze sukari ya namna hiyo, na kwamba ni bora isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Basi biskuti mbili ni nyingi za kutosha kwa mtu mzima, na mtoto atosheke na moja, kisha asukutue kinywa. Zilizobaki ziwekwe kwa siku nyingine. Katika kopo kavu zitakaa juma moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Utajuaje kwamba mchemko wa kweli umeanza?
2. Kwa nini kukaanga karanga zenye ukungu hakuziponyi?
3. Kwa nini digrii za Mombasa hazifai Nairobi?
4. Utafanyaje biskuti zisipoganda?

Anayeweza kuyajibu haya bila kutazama nyuma, na ateleke sufuria. Na akifanikiwa, amfundishe jirani yake, kwa maana ujuzi ukigawanywa haupungui kama sukari.