Mafunzo Niliyopata Nikiunganisha Runinga Bila Waya Mpakani

Mimi ni wakala wa forodha Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na nyumbani kwangu ni Burumba, Busia, upande wa Kenya. Miaka nenda rudi nimepitisha mizigo ya watu mpakani. Kupitisha filamu kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga, hatua kumi tu, kulinishinda mwezi mzima. Wewe unayepanga kununua yako mwisho wa mwezi, haya yakupunguzie gharama.

1. Ruta haifungiwi sandukuni

Runinga janja yangu ilifika kwa bodaboda, chombo kilichopata jina papa hapa mpakani enzi za baiskeli, nami nyuma nimeikumbatia kama bibi harusi. Wiki hiyo wezi walikuwa wamemtembelea jirani. Basi ruta nikaitia ndani ya sanduku la bati ambalo binti yangu alikwenda nalo bweni, nikatoboa tundu la kupitisha nyaya, nikapiga kufuli.

Runinga ikatafuta waifai, ikatafuta, isione kitu. Nikaita fundi. Kijana akaufuata waya wa stima kwa macho mpaka sandukuni, akaniuliza taratibu, "Mzee, umefungia nini humo?" Alichukua shilingi 1,000 kwa kuinua kifuniko.

Neno "bila waya" lilikuwa limenidanganya kwamba hakuna cha kuzuia. Kumbe waifai ni mawimbi ya redio: bati huyarudisha yalikotoka, ukuta huyapunguza nguvu, maji huyameza. Ruta iweke juu, pawe wazi, karibu na katikati ya nyumba, mbali na friji na tangi la maji. Ukiogopa wezi, nunua mlango.

2. Tano hiyo si ile tano

Ruta ilitoa majina mawili, moja likiishia na 5G. Simu iliyaona yote mawili. Runinga ililiona moja tu, lile lisilo na 5G. Nikajua nimeuziwa feki. Nikaibeba tena kwa bodaboda hadi dukani, nikafoka mbele ya wateja. Muuzaji akaniacha mpaka nikachoka, kisha akageuza kartoni: 2.4 GHz, maandishi madogo.

Tano ya kwenye ruta ni gigahezi 5, masafa ya mawimbi, wala haihusiani na kizazi cha tano cha mitandao ya simu. Runinga nyingi za bei nafuu hupokea gigahezi 2.4 pekee. Si msiba: 2.4 hupenya kuta na kufika mbali, ingawa husongamana na waifai za majirani. 5 ina kasi lakini ukuta wa pili huichosha. Soma kartoni kabla ya kulipa. Mimi wiki iliyofuata nilirudi dukani kununua betri za rimoti nisizozihitaji, ili muuzaji aone kwamba huwa nina adabu.

3. Simu haisimami kwenye kizuizi

Ofisini Malaba sina waifai. Jioni moja ya mechi nikapeleka runinga ndogo, nikawasha hotspoti ya simu, tukajazana na madereva ambao foleni yao ilikuwa imekwama. Kabla ya mapumziko picha ikaganda. Salio: sufuri.

Simu, iliyoachwa ijichagulie mtandao, ilikuwa imehamia mlingoti wa ng'ambo. Nilijua kwamba makubaliano ya mwaka 2014 kati ya nchi zetu yalishusha gharama ya kupigiana simu. Nikadhani na data yangu imo humo. "Kumbe tumetazama mechi tukiwa Uganda," dereva mmoja akasema, "na hakuna aliyegonga muhuri."

Ukikaa karibu na mpaka, ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mtandao wako kwa mkono na uzime romingi. Na hata kwa mtandao wa nyumbani, piga hesabu: video ya HD hula takribani gigabaiti 3 kwa saa.

4. Tazama tarehe

Stima ilipotea siku mbili. Iliporudi, alama za waifai zilijaa, lakini kila programu ya filamu iligoma. Nilifuta nenosiri, nikaliandika upya kwa rimoti, herufi 14, nikikosea ya 13. Usiku wa tatu ndipo nikaona kwenye kona ya kioo: Januari 2017. Saa inayojirekebisha niliizima mwenyewe, nikidhani inakula bando.

Programu hizo hukagua vyeti vya usalama kila zinapounganika, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa runinga iliyorudi nyuma miaka yote hiyo, vyeti vilikuwa bado havijaanza kutumika. Na mimi nimekataa karatasi za madereva wangapi kwa sababu ya tarehe moja!

Nikarekebisha mwaka, picha ikaja papo hapo. Mama watoto, macho yake yakiwa bado kwenye mchele aliokuwa akichambua, akauliza, "Kwa hiyo imeshalipa ushuru?"