Mafunzo Niliyopata kwenye Kompyuta ya Vitufe 23

KIM-1 ni kibao kimoja cha saketi, hakina kasha wala skrini. Kampuni ya MOS Technology ya Pennsylvania, Marekani, ilianza kukiuza mwaka 1976 kwa dola 245, ikilenga wahandisi waliotaka kuijaribu prosesa yake mpya, 6502. Kumbe wapenzi wa elektroniki nao walikuwa wakitafuta kompyuta ya kuweka mezani nyumbani, wakakipokea kwa mikono miwili.

Ninayotumia mimi ni nakala ya siku hizi, ambayo mtu huiunga mwenyewe kwa risasi na hauya. Chipu za 6530 zilizokuwa kwenye kibao cha asili hazitengenezwi tena, hivyo watengenezaji wa nakala huweka 6532 na kuongeza chipu ya kumbukumbu pembeni. Mwenendo wake ni ule ule: vitufe 23, tarakimu sita za taa nyekundu, na baiti 1,152 za kumbukumbu. Nayaandika haya kwa sababu naamini kila anayesomea kompyuta anastahili kukutana, hata mara moja, na mashine anayoweza kuijua yote.

1. Ukiiandikia namba tupu, unaiona kompyuta ilivyo

Hapa huandiki neno lolote. Unabonyeza AD na kutaja anwani, unabonyeza DA na kuingiza baiti, kisha kitufe cha kujumlisha kinakusogeza kwenye anwani inayofuata. Hesabu zote ni za heksadesimali, yaani baada ya 9 zinafuata A hadi F.

Tuseme unataka kujumlisha namba mbili zilizoko 0000 na 0001. Kwanza unaweka 00 kwenye anwani 00F1, na sababu yake nitaieleza mwishoni. Kisha, kuanzia 0002, unaingiza hivi: 18, A5 00, 65 01, 85 FA, A9 00, 85 FB, 4C 4F 1C. Baiti 14 basi. Ya kwanza inafuta baki la hesabu iliyopita. A5 00 inaichukua namba ya kwanza, 65 01 inaijumlisha na ya pili, 85 FA inayapeleka matokeo kwenye anwani 00FA. Zinazofuata zinaweka sifuri kwenye 00FB, na tatu za mwisho zinarudisha usukani kwa monita, ile programu ya kudumu inayosoma vitufe na kuwasha taa.

Kwa nini 00FA na 00FB? Kwa sababu hapo ndipo monita hutazama ili kujua ionyeshe anwani gani. Weka 02 na 03 kwenye 0000 na 0001, rudi 0002, bonyeza GO, kitufe cha kuanzisha programu, na tarakimu nne za kushoto zitasoma 0005. Tazama pia kwamba anwani 1C4F imeingizwa kinyumenyume, 4F ikitangulia 1C. Prosesa hii hupokea nusu ndogo ya anwani kwanza. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo vitabuni, lakini liliingia kichwani pale vidole vyangu vilipolibonyeza.

2. Mwendo wa hatua moja moja unafundisha kuliko maelezo marefu

Pembeni mwa vitufe kuna swichi ndogo iitwayo SST. Ukiingiza 00 kwenye 17FA na 1C kwenye 17FB, kisha ukaiwasha, kila ukibonyeza GO mashine inatekeleza amri moja na kusimama. Hapo unaweza kwenda 00F3 kusoma rejista A, yaani kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, ina nini, 00F4 kwa Y, 00F5 kwa X. Ukitosheka, unabonyeza PC ili kurudi ulipokuwa, kisha GO tena.

Siri yake iko kwenye pini ya prosesa iitwayo SYNC, ambayo hupanda volti kila amri mpya inapoanza kuchukuliwa. Swichi ikiwa imewashwa, ishara hiyo huikatiza prosesa na kuirudisha kwa monita. Amri za monita yenyewe zimeachwa nje ya mtego huo, la sivyo mashine ingejikatiza bila mwisho. Ni saketi ndogo sana, na sijaona chombo cha kufundishia programu kinachonivutia kuliko hiki. Mwanafunzi haambiwi kwamba rejista hubadilika: anaiangalia ikibadilika.

3. Taa kuzimika si kufa kwa mashine

Tarakimu zile sita haziwaki kwa pamoja. Monita huiwasha moja, ikaizima, ikaenda kwenye inayofuata, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kwa hiyo programu yako ikishika usukani, hakuna wa kuwasha taa, na kibao kinakuwa giza huku kikifanya kazi barabara. Ukitaka taa ziwake, programu yako iite mara kwa mara kipande cha monita kilichoko 1F1F.

4. Kusoma programu ya mwenzako ni nusu ya kujifunza

Kitabu cha maelekezo cha KIM-1 kilikuwa na monita nzima imechapishwa, amri kwa amri, pamoja na maelezo ya waandishi wake. Jambo hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mnunuzi hakufichiwa kitu. Alipewa michoro ya saketi, akapewa na programu iliyoko ndani, baiti 2,048 tu kwa jumla.

Kutoka humo nilijifunza jinsi kitufe kinavyotambuliwa, na jinsi tarakimu inavyogeuzwa kuwa vijistari vya taa. Kipande cha 1F6A kinachosoma vitufe unaweza kukiita kutoka kwenye programu yako, na ukitaka kujua kinafanyaje, ukurasa uko mbele yako. Simu za leo zina uwezo mkubwa mno, sikatai, lakini kijana akiuliza ndani yake kuna nini, hakuna kitabu cha kumkabidhi. Naona hiyo ni hasara ya kweli kwa wanaojifunza.

5. Kifaa kile kile kinaweza kuharakishwa na programu bora

Umeme ukikatika, kila kitu kimefutika. Ndiyo maana KIM-1 ilihifadhi kazi kwenye kaseti ya kawaida ya redio: unataja mwanzo na mwisho wa eneo, unaipa namba ya utambulisho, unaanzia 1800 kurekodi au 1873 kusoma. Baiti 1,024 zilichukua kama dakika mbili. Jim Butterfield wa Toronto, Kanada, akaandika programu iliyorekodi kwa kasi mara sita, na kanda zake zikasomwa na monita ile ile ya kiwandani. Hakugusa waya hata mmoja.

6. Nafasi finyu hunoa akili

Peter Jennings, naye wa Toronto, aliandika mchezo wa chesi, Microchess, kwa baiti 924. Ulichezwa kwenye tarakimu zile zile sita, mchezaji akipanga kete zake kwenye ubao wa kweli pembeni. Nimejaribu kuufuata mpango wake amri kwa amri, na namna kila baiti ilivyopewa kazi bado inanistaajabisha.

7. Mashine huwa na njia zaidi ya moja ya kuhesabu

Sasa ile 00F1. Hapo monita huweka alama za hali ya prosesa, na GO huzirudisha ndani yake kabla programu haijaanza. Biti moja kati ya hizo huamua kama kujumlisha kutakuwa kwa heksadesimali au kwa desimali ya kawaida, na umeme unapowashwa, thamani yake haitabiriki. Anayetaka kujaribu bila kununua kibao anaweza kutumia programu za kuiga KIM-1 kwenye kompyuta yake. Aingize zile baiti 14, 00F1 ikiwa na 00, aweke 09 na 01, apate 000A. Kisha abadilishe 00F1 iwe 08, aanze tena 0002, abonyeze GO. Safari hii taa zitasoma 0010.