KIU ISIYOKATWA NA MAJI

Likizo iliyopita nilimkuta kaka yangu mkubwa nyumbani. Amevuta unga miaka mitatu. Mama alikuwa amefungia hata sufuria chumbani, zisije zikauzwa. Kaka alituapia kwamba ataacha kesho, na kesho haikufika. Nikajiuliza: mtu mwenye akili hushindwaje na kitu anachokichukia mwenyewe? Jibu mojawapo nililipata katika kitabu cha dini za ulimwengu kilichomo maktabani mwetu.

Buddha alifundisha huko Bara Hindi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Alisema kama asemavyo mganga. Kwanza, ugonjwa: maisha yana mateso. Pili, sababu yake: tamaa, ambayo kwa lugha yao huitwa tanha, maana yake kiu. Tatu, kiu hiyo yaweza kukoma. Nne, iko njia ya kuikomesha, yenye sehemu nane, kama vile kusema kweli, kutenda mema na kuituliza nia. Tena Wabudha hufundishwa kujiepusha na vileo.

Basi mtumwa wa unga ni kama mtu anywaye maji ya bahari: kila akinywa, kiu huzidi. Wabudha humfundisha akae kimya, aitazame kiu yake bila kuitii. Akivumilia ataona kwamba hupanda kama wimbi, kisha hushuka yenyewe. Huko Marekani mtaalamu Alan Marlatt aliwafundisha wagonjwa wake jambo hili hili.

Nchini Thailand, katika jimbo la Saraburi, iko nyumba ya watawa iitwayo Wat Tham Krabok. Tangu mwaka 1959 imewatibu wavutaji wa afyuni na wengineo. Mgonjwa kwanza hula nadhiri ya kuacha. Halafu hunywa dawa ya miti shamba ya kumtapisha kwa siku tano, na hujifukiza. Nadhiri hiyo huliwa mara moja tu maishani. Akirudia ulevi, hapokelewi tena. Aliyekuwa mkuu wao, Phra Chamroon, aliyepata kuwa polisi, alipewa tuzo ya Magsaysay mwaka 1975.

Je, yatupasa tubadili dini? Hasha! Wala nadhiri peke yake haitoshi. Mlevi wa pombe wa siku nyingi akiacha ghafula aweza hata kufa, kwa hiyo na amwone daktari kwanza. Hapa Tanzania dawa ya methadoni hutolewa hospitalini Muhimbili tangu mwaka 2011.

Nilimweleza kaka habari ya wimbi. Alicheka, kisha akaniuliza, "Hukaa muda gani?" Nikamjibu ajaribu kuhesabu. Sasa huenda kliniki kila asubuhi kunywa dawa yake. Hatujui mwisho wake. Lakini katika barua yake ya juzi Mama ameandika kwamba sufuria zimerudi jikoni.