Chakula na Maji ya Safari

Wanafunzi 38 wa Darasa la Tano wa shule moja ya Dar es Salaam, pamoja na walimu 2, walipanga kwenda kutazama magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Wangeondoka saa 12 asubuhi na kula saa 6 mchana. Wengi walipendekeza wali wa nazi na samaki. Mwalimu hakukataa, bali aliuliza: "Wali huo utaiva saa ngapi, nao utaliwa saa ngapi?"

Kwa nini chakula huharibika?

Bakteria ni viumbe hai vidogo sana, wasioonekana kwa macho matupu. Ili waongezeke, huhitaji chakula, unyevu na joto. Wali uliopoa na kuwa vuguvugu una vitu vyote vitatu. Katika hali hiyo bakteria mmoja aweza kugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Wanafunzi walihesabu:

Mwanzo: 1
Baada ya saa 1: 8
Baada ya saa 2: 64
Baada ya saa 3: 512
Baada ya saa 6: 262,144

Bakteria huongezeka upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Sentigredi. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo kwa zaidi ya saa 2. Baadhi ya bakteria hutoa sumu ambayo haiharibiki hata chakula kikipashwa moto tena. Tena chakula chenye sumu huweza kunukia vizuri. Kwa hiyo usitegemee pua peke yake.

Vyakula vilivyochaguliwa

Wanafunzi walibadili mpango wao. Walichagua mkate wa kutia nguvu, karanga za kukaanga za kujenga mwili, na ndizi mbivu na machungwa ya kulinda mwili. Karanga na mkate vina unyevu mdogo, na matunda yana maganda yanayozuia uchafu. Machungwa yalioshwa nyumbani, lakini hayakumenywa mpaka wakati wa kula.

Maji ya kunywa

Kila mtu alipangiwa lita 1½. Kwa watu 40 zilihitajika lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20. Maji yalichemshwa yakatokota kwa dakika 1 au zaidi, yakaachwa yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yakatiwa katika madumu safi. Wakati wa kunywa, maji yalimiminwa. Hakuna aliyechovya kikombe. Dumu la nne lilikuwa la kunawia mikono kwa sabuni.

Jaribio

Chukua vipande viwili vya mkate. Kaushe kimoja juani mpaka kiwe kikavu kabisa, na kingine ukinyunyizie maji kidogo. Weka kila kimoja katika chupa yake ya kioo, uifunike. Tazama kila siku kwa muda wa siku 5. Ukungu umeota wapi? Usifungue chupa wala kuonja mkate huo.

Maswali

1. Taja vitu vitatu ambavyo bakteria huhitaji ili waongezeke.
2. Watu 50 wanakwenda safari kama hii. Watahitaji lita ngapi za maji ya kunywa?
3. Rafiki yako amebeba samaki waliokaangwa saa 1 asubuhi. Sasa ni saa 7 mchana, na samaki bado wananukia vizuri. Utamshauri nini? Toa sababu.