Kujitolea katika kambi za Mina

SWALI: Ninaishi Jeddah kwa iqama ya kazi. Natamani kujitolea kuwahudumia mahujaji wetu mahemani Mina. Nianzie wapi?

JIBU: Nia yako ni njema, ndugu yangu, nayo ina njia yake. Anza kwa Jukwaa la Kitaifa la Kujitolea la Saudi Arabia, kisha uliza tume ya Hija ya nchi yako kama inahitaji wasaidizi. Mweleze mwajiri wako mapema. Usiende bila kibali: wakati wa Hija iqama ya Jeddah pekee haikuingizi Makka.

Kazi yenyewe ni kuwapokea wageni, kuwaonyesha vyoo, kugawa maji na kuwaongoza waliopotea. Mahema ya Mina yanafanana, na wazee wengi hupotea wakirudi kutoka Jamarati. Anayewauliza kwa Kiswahili huwatuliza mara moja. Jifunze ramani, namba za kambi na njia za kutokea. Hakikisha hakuna anayewasha jiko hemani: moto wa mwaka 1997 uliua mahujaji zaidi ya 300, ndipo yakaletwa mahema yasiyoshika moto. Kumlinda mgeni wa Mwenyezi Mungu ni amana. Ichukue kwa moyo wote.