Mkanda wa Feni Ukilia

Mafundi wa Temeke na Kinondoni huijua sauti hii: gari la zamani likiwashwa asubuhi, "kwiii!" Mara nyingi ni mkanda wa feni unateleza.

Katika magari mengi ya zamani, mkanda huo mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na alternata. Ukikatika, maji huchemka, betri haipati chaji, na injini inaweza kufa.

Tufanye hivi:

1. Tuzime injini, tuchomoe ufunguo, tungoje ipoe.

2. Tuutazame mkanda upande wa ndani. Ukiwa na nyufa, oili, au unang'aa kama kioo, tununue mwingine wa kipimo kile kile. Oili inayovuja izibwe kwanza.

3. Ukiwa mzima, tuubonyeze katikati kwa dole gumba. Ukishuka zaidi ya sentimeta 1 hivi, umelegea.

4. Tulegeze bolti za alternata, tuivute nje, tukaze bolti. Tusivute mno, beringi zitakufa.

Tusipake grisi wala sabuni! Kelele hunyamaza, lakini mkanda huzidi kuteleza.

Swali: Kwa nini mkanda uliolegea huchemsha maji ya injini?