Homa Bwenini: Somo kwa Wanafunzi Watokao Ngara na Biharamulo na kwa Wanaowatibu

Utangulizi

Kila mwaka vijana wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hufunga mizigo na kuelekea Dar es Salaam kusoma vyuoni. Basi hupita Nyakanazi, likashika njia ya Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kijana huteremka na begi, godoro jembamba na mara nyingi mfuko wa maharage aliopewa na mama yake. Hubeba pia asichokiona: kinga ya mwili iliyojengwa na mazingira ya nyumbani, na wakati mwingine vimelea vya ugonjwa alivyovipata usiku wa mwisho kabla ya kuondoka.

Bweni la mjini lina taratibu zake. Chumba kilichopangiwa wanafunzi wawili au wanne huweza kulaza idadi maradufu, kwa desturi ambayo wanafunzi huiita kubebana: aliyepata nafasi humpokea kitandani mwenzake aliyekosa. Ni tendo la utu, kwa kuwa kodi ya chumba mtaani humaliza bumu kabla ya mwezi kwisha. Hata hivyo, kadiri watu wanavyozidi chumbani ndivyo hewa inavyopungua, ndivyo choo kinavyoelemewa, na ndivyo homa ya mmoja inavyokuwa habari ya wote.

Somo hili linahusu homa hiyo. Linaeleza jinsi ya kuifikiri, jinsi ya kuitibu, na jinsi aibu inavyoweza kuigeuza homa inayotibika kuwa hatari ya kifo.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila umejengwa kwa mambo yanayotokea.

Mwanafunzi wa kiume mwenye umri wa miaka 22, mzaliwa wa Biharamulo, alirudi kijijini katikati ya mwaka 2025 kumzika bibi yake. Alikaa huko siku tisa. Nyumba ilijaa wageni wa msiba, naye alilala sebuleni juu ya mkeka, bila chandarua. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi bwenini alipata baridi kali, kichwa kikamuuma na viungo vikalegea.

Alipowaambia wenzake, mmoja alisema kwa mzaha: "Kwenu si ndiko kwenye Marburg?" Watu walicheka. Jioni hiyo mmoja wao alihamishia godoro lake chumba cha pili.

Asubuhi alikwenda kwenye zahanati. Muuguzi wa makamo alimpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umesafiri siku za karibuni?"

"Hapana, mama. Nipo hapa hapa mjini."

Kwa kuwa malaria si nyingi jijini, hakupimwa. Alipewa dawa ya kutuliza maumivu na dawa ya kuua bakteria kwa dhana kwamba ana homa ya matumbo. Usiku rafiki yake kutoka Ngara alimpa vidonge vinne vya dawa ya mseto vilivyobaki kwenye begi lake. Homa ilishuka kwa muda. Siku ya nne mgonjwa alianza kutapika kila alichokunywa na kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Rafiki huyo alimpeleka hospitali, akamwambia daktari ukweli: "Ametoka msibani Biharamulo majuma mawili yaliyopita." Kipimo cha haraka kilionyesha malaria. Alichomwa sindano za artesunate, akapona.

Kijana huyu aliponea chupuchupu. Makosa matatu yalikutana: mgonjwa alificha alikotoka, mtoa huduma hakupima, na rafiki alitoa dawa pungufu kwa nia njema.

Kwa nini malaria huja baada ya likizo

Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyobeba mzigo mkubwa wa malaria nchini. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16, watoto 41 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mkoani humo kwa kipimo cha haraka walikutwa na malaria. Kiwango hicho kimeshuka tangu wakati huo, lakini kimebaki juu sana kukilinganisha na cha Dar es Salaam.

Mtu aliyekulia mahali penye malaria nyingi hupata kinga ya sehemu. Haimzuii kuambukizwa, ila humpunguzia ukali wa ugonjwa. Kinga hiyo hudumishwa na maambukizi ya mara kwa mara. Anapokaa mjini kwa miezi mingi bila kuumwa na mbu wenye vimelea, hupungua. Hivyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayerudi Ngara likizo si yule aliyeondoka. Anadhani malaria "anaijua", kumbe mwili wake umeanza kuisahau.

Jambo la pili ni muda. Baada ya kuumwa na mbu, dalili za malaria iliyo hatari zaidi kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30. Mbu wa kijijini humwuma mtu usiku wa kuagana, na homa humkuta darasani jijini. Ndiyo maana swali la "umetoka wapi?" lina uzito wa kipimo.

Marburg: ukweli na hofu

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jijini Dodoma kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa mkoani Kagera. Kitovu chake kilikuwa wilaya ya Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuwa wagonjwa, wawili wakithibitishwa na maabara na wanane wakihesabiwa kwa dalili na mazingira ya vifo vyao. Wote walifariki. Tarehe 13 Machi 2025 mlipuko ulitangazwa kwisha. Kabla ya hapo, mwaka 2023, mlipuko mwingine ulitokea wilaya ya Bukoba, ambako watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Mwishoni mwa mwaka 2024 Rwanda, inayopakana na Ngara, ilipata wagonjwa 66 na vifo 15, na wengi wa waliougua walikuwa watumishi wa afya.

Takwimu hizo zinatisha, na hofu ya wanafunzi haikutoka hewani. Lakini hofu inapaswa kwenda sambamba na maarifa. Virusi vya Marburg huhifadhiwa na popo wala matunda waishio mapangoni. Kati ya binadamu huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa mwenye dalili au ya maiti, pamoja na vitu vilivyochafuliwa nayo. Mtu asiye na dalili hamwambukizi mwenzake kwa kuketi naye darasani. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi. Siku 21 zikipita bila dalili tangu mtu alipokutana na hatari, hatari hiyo imekwisha.

Kwa hiyo kabila, lafudhi au jina la wilaya si dalili ya ugonjwa. Kijana wa Biharamulo ambaye hajafika nyumbani kwa mwaka mzima hana hatari inayozidi ya mwenzake wa Tanga. Kinachopimwa ni mwendo wa mtu na aliyoyagusa katika siku 21 zilizopita.

Unyanyapaa una gharama ya kitabibu. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi anayeficha amefundishwa kuficha na wanaomzunguka. Kicheko kimoja bwenini kilitosha kumfanya kijana wa mfano wetu amdanganye muuguzi. Laiti angekuwa na Marburg kweli, kicheko hicho kingewaweka hatarini wote waliocheka.

Mwongozo kwa mtoa huduma

Kwanza, kila mwenye homa apimwe malaria, awe mjini au kijijini. Kipimo cha haraka huchukua kama dakika 15 hadi 20. Kudhania kwamba "mjini hakuna malaria" ni kosa lililowahi kugharimu maisha.

Pili, swali la safari liulizwe kwa namna isiyomtia mtu woga. Badala ya kuuliza "Wewe ni mtu wa wapi?", mtoa huduma aeleze sababu: "Swali hili namwuliza kila mwenye homa, ili nijue nipime nini. Katika majuma matatu yaliyopita umelala wapi na wapi?" Kwa mtu wa Ngara, aulizwe pia kama amevuka mpaka wa Rusumo au Kabanga, kwa kuwa wengi wana ndugu ng'ambo.

Tatu, aulizwe kuhusu mgonjwa au msiba. Je, alimhudumia mgonjwa mwenye homa kali, kutapika au kutokwa damu? Je, alishiriki kuosha au kuvisha maiti? Je, aliingia pangoni au kwenye shimo la machimbo? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo humfanya mgonjwa atengwe kwa heshima, mtoa huduma avae vifaa kinga, na taarifa itolewe mara moja kwa uongozi wa afya wa wilaya.

Nne, kipimo cha malaria kinachoonyesha vimelea hakifuti uwezekano wa ugonjwa mwingine. Mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili. Asipopata nafuu kwa dawa sahihi, uchunguzi urudiwe tangu mwanzo.

Tano, jiji lenyewe lina homa zake. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na dengi asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu, parasetamoli inatosha. Shingo kukakamaa pamoja na homa huashiria uti wa mgongo, nao ni dharura. Kikohozi kinachofikia majuma mawili katika chumba kilichojaa ni sababu ya kupima kifua kikuu cha mgonjwa na cha wanaolala naye.

Mwongozo kwa mwanafunzi na wenzake wa chumba

Chandarua kisafiri na mwenyewe. Wengi hukitumia bwenini na kukiacha huko wanapokwenda likizo, ilhali wanakwenda palipo na mbu wenye vimelea zaidi. Kikunjwe, kitiwe kwenye begi, kitumike hata msibani.

Dawa ya mseto haigawanywi. Dozi kamili ya mtu mzima ni vidonge 24 vya kawaida kwa siku tatu: vinne mwanzo, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Vimezwe pamoja na chakula au maziwa, kwa kuwa mafuta husaidia dawa kufyonzwa. Anayempa mwenzake vidonge vinne amewaacha wawili wakiwa na dozi pungufu. Jambo hili ni zito zaidi kwa watu wa Kagera: watafiti wamebaini mkoani humo, hasa wilayani Karagwe, vimelea vyenye ukinzani wa sehemu dhidi ya artemisinini. Dawa ya mseto bado inatibu, na kumaliza dozi ni sehemu ya kuilinda.

Dalili za hatari zijulikane na kila anayelala chumbani: kutapika kila kitu, degedege, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi, au kutokwa damu. Ikionekana mojawapo, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo. Anayemsaidia asiguse damu wala matapishi kwa mikono mitupu, anawe kwa sabuni, na madirisha yawe wazi. Ushauri hupatikana pia kwa kupiga simu ya Wizara ya Afya namba 199, bila malipo.

Mwisho, bweni liwe na mtu mmoja anayejua ukweli wa kila mmoja. Katika mfano uliotolewa, aliyeokoa maisha ni rafiki wa Ngara, yule yule aliyekosea kutoa vidonge. Alijua mwenzake alikotoka, na alithubutu kusema.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwanafunzi aliyekulia Ngara anaweza kuugua malaria kali anaporudi kutoka likizo?

2. Mgonjwa mwenye malaria iliyothibitishwa anasema alisaidia kuosha maiti siku kumi zilizopita. Ni hatua gani zichukuliwe?

3. Mwanafunzi anakataa kulala chumba kimoja na mwenzake kwa kuwa anatoka Biharamulo. Mshauri wa wanafunzi amweleze nini, na amwulize nini yule wa Biharamulo bila kumdhalilisha?

Wanaosoma kwa pamoja, bwenini au kazini, wajibu swali la tatu kwa sauti. Ndilo gumu, na ndilo litakaloamua kama mgonjwa ajaye atasema ukweli anapoulizwa amelala wapi.